Stika Ipo, Malipo Hakuna



Mwezi uliopita katika ukurasa huu tuliongea juu ya homa ya matumbo na maji ya kunywa. Mwezi huu tunaongea juu ya bima ya magari na pikipiki, na tunajua baadhi yenu mtashangaa. Bima na ukurasa wa afya, wapi na wapi? Mambo ya bima ni ya wenye magari na ya maofisa wa mjini. Sisi wauguzi kazi yetu ni kupima joto, kusafisha vidonda na kutoa dawa kwa saa zake.

Hata sisi tulikuwa tukifikiri hivyo. Lakini mtu akikaa miaka mingi katika wodi ya majeruhi hujifunza mambo ambayo hakufundishwa chuoni. Mgonjwa wa mfupa uliovunjika halali kitandani peke yake. Amelala pamoja na deni, pamoja na watoto waliobaki nyumbani, pamoja na shamba lililopitwa na mvua. Mara nyingi swali la kwanza analotuuliza akishapata fahamu si "nitapona lini?" bali "nani atalipa?" Na jibu la swali hilo, katika ajali za barabarani, limeandikwa kwenye karatasi ambayo watu wengi hawajawahi kuisoma.

Tuanze na habari ya mama mmoja. Hatutaji jina lake wala kijiji chake.

Mama huyu ni muuza dagaa. Siku ya gulio alipanda pikipiki ya abiria kutoka njia panda, ndoo zake mbili zimefungwa nyuma. Wakiwa kwenye mteremko, lori lililokuwa mbele yao lilisimama ghafla, kijana akashindwa kufunga breki, wakaanguka. Kijana alichubuka mikono na kuvunjika mfupa wa bega. Mama alivunjika mfupa wa paja. Watu wanaona mfupa wa paja ni mfupa tu kama mingine, lakini mtu mzima anaweza kupoteza lita moja ya damu na zaidi ndani ya paja lake bila tone kuonekana nje. Alifika kwetu akiwa mweupe kama karatasi. Tulimwongezea damu, tukamning'inizia mguu kwa mzigo wa kuvuta, na akakaa kitandani majuma 11.

Siku ya tatu ndugu zake walikuja kwenye dirisha la malipo wakiwa na furaha. Walikuwa wamebandua stika ya bima kutoka kwenye ile pikipiki, wakampa karani. "Pikipiki ina bima, tazameni, haijaisha." Karani wetu, mtu mpole sana, aliwaeleza kwamba hospitali haipokei stika kama inavyopokea kadi ya bima ya afya. Bima ya pikipiki hudaiwa kwenye kampuni iliyoitoa, baada ya polisi kuandika taarifa yao. Basi wakaenda. Walikwenda polisi, wakapata karatasi zao, wakasafiri hadi mjini kwenye ofisi ya kampuni. Walirudi wamenyong'onyea. Kampuni ilikuwa imefungua faili la pikipiki ile na kukuta kwamba imekatiwa bima ya matumizi binafsi. Mama alikuwa amelipa nauli. Kwa hiyo, wakaambiwa, safari ile haimo katika bima.

Mwenye pikipiki alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliinunua kwa mkopo ili aende nayo kazini, na alipokata bima alisema ukweli: ni ya kwendea shuleni. Mwaka uliofuata mambo yalimbana, akampa mtoto wa dada yake aipeleke kijiweni na kumletea hesabu kila jioni. Bima ilipokwisha alimtuma kijana huyo huyo kwa wakala. Wakala alitazama ya mwaka jana, akaandika kama ilivyokuwa, "binafsi", ambayo pia ilikuwa nafuu. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Lakini neno lile moja ndilo lililouza ng'ombe wawili wa familia ya muuza dagaa.

Mtu wa tatu ni nani?

Yafaa kwanza tuelewe bima hii ni ya nini. Katika Tanzania Bara ipo Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, ambayo asili yake ni enzi za Mwingereza. Sheria hiyo inakataza mtu kutembeza chombo cha moto barabarani bila kuwa na bima ya kufidia watu wengine ambao chombo hicho kinaweza kuwaua au kuwajeruhi. Hii ndiyo bima ambayo watu huiita bima ndogo, au thedi pati. Mtu wa kwanza ni wewe mwenye chombo. Mtu wa pili ni kampuni uliyoilipa. Mtu wa tatu ni yule ambaye hamkumjua ninyi wawili mlipokuwa mkiandikiana karatasi: mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli, mtoto anayevuka kwenda shule.

Je, abiria ni mtu wa tatu? Hapa ndipo penye mtego. Sheria inadai abiria awe ndani ya bima pale chombo kinapobeba watu kwa malipo. Kwa chombo cha binafsi hailazimishi hivyo. Maana yake ni kwamba mwenye bajaji, pikipiki au gari la abiria anapaswa kukata bima inayomtaja abiria wake, na mwenye chombo cha binafsi anakata bima iliyojengwa juu ya imani kwamba habebi watu kwa nauli. Akianza kubeba kwa nauli ametoka nje ya ukuta wa bima yake, na abiria wake ametoka pamoja naye bila kujua.

Wazee wenzetu watakumbuka kwamba zamani mambo haya yalikuwa na mlango mmoja. Kuanzia mwaka 1967 Shirika la Bima la Taifa lilikuwa peke yake, mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua njia kwa makampuni mengine. Siku hizi makampuni ni mengi, mawakala ni wengi zaidi, na bima ya pikipiki inakatwa kibandani kwa dakika tano huku mtu amekaa juu ya pikipiki yake bila hata kuizima. Ni jambo jema kwamba huduma imekaribia watu. Lakini dakika tano hazitoshi kuulizana maswali.

Mstari mmoja kwenye fomu

Ukikata bima ya chombo chochote, fomu ina mahali pa kuandika matumizi. Wengi hupapita haraka kama wanavyopita mahali pa sanduku la posta. Mahali hapo ndipo moyo wa mkataba wote ulipo.

Bima ya binafsi kwa kawaida inakubali mambo ya nyumbani na ya jamii: kwenda kazini kwako, sokoni, kanisani, msibani, kupeleka watoto shule. Kubeba abiria kwa nauli kumekatazwa ndani yake, na mara nyingi kubeba mizigo ya watu kwa malipo na kukodisha chombo kwa mwingine pia kumekatazwa. Kampuni haifanyi hivyo kwa ukatili. Gari la mwalimu linatembea asubuhi na jioni, kisha linalala chini ya mwembe. Gari la abiria linatembea kutwa, kwa haraka, na kila dakika lina roho za watu wanne au watano ndani yake. Hatari ni nyingine, basi na ada ni nyingine.

Siku hizi idadi ya watu wanaoishi katikati ya hali hizi mbili ni kubwa kuliko zamani. Kuna wale wa pikipiki, kama mwalimu wetu. Kuna wale wa teksi bubu mijini. Kuna michomoko, yaani magari madogo ya binafsi, Probox, Noah na mengine, yanayobeba abiria kati ya mji na mji na hasa kwenda vijijini ambako basi halifiki. Tangu mwaka 2016 kuna pia magari yanayoitwa kwa simu, ambayo yalianzia Dar es Salaam. Mtu anatoka ofisini saa kumi, anawasha programu kwenye simu yake, na gari lile lile lililompeleka kazini linageuka teksi mpaka saa nne usiku. Hatuwalaumu. Mshahara haufiki mwisho wa mwezi na watoto wanahitaji ada. Tunachosema ni kwamba gari likibadilika kazi, karatasi nazo zibadilike.

Na karatasi zenyewe si bima peke yake. Kanuni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria zilitoka mwaka 2010, na leseni ya usafirishaji inatolewa na LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Gari la binafsi lina kibao cha njano na la biashara lina cheupe. Leseni ya udereva ya daraja D ni ya gari la binafsi. Kubeba abiria kunataka daraja C, na pikipiki ni daraja A. Tunayataja haya kwa sababu, ajali ikitokea, kampuni ya bima huyatazama yote. Dereva asiye na leseni ya chombo anachoendesha anaipa kampuni sababu ya pili ya kukataa, na ile ya kwanza ilikuwa inatosha.

Kama umekwisha kata bima ya binafsi na mambo yamebadilika katikati ya mwaka, huna haja ya kusubiri iishe. Nenda kwa kampuni au wakala, sema waziwazi kwamba sasa unabeba abiria. Wataandika badiliko kwenye bima yako na utalipa tofauti ya ada. Dai upewe badiliko hilo kwa maandishi. Neno la mdomo la wakala halisaidii mtu wodini.

Mwenzetu mmoja

Tusije tukaonekana tunawasema vijana wa kijiweni peke yao. Mmoja wetu, muuguzi mzuri, baba wa watoto wanne, alinunua gari dogo, na akitoka zamu ya usiku alikuwa akilipeleka stendi kubeba abiria hadi saa sita mchana. Sisi wote tulijua. Wengine wetu tulipanda. Bima yake ilikuwa ya binafsi, na leseni yake daraja D.

Siku moja tulikaa naye jikoni kwenye chai tukamwuliza: ukiangusha watu watano pale kwenye daraja, utawaleta kwetu, si ndiyo? Na nani atalipa? Alicheka, akasema Mungu yupo. Ni kweli Mungu yupo, lakini msimamizi wa wodi ambaye si mtu wa maneno mengi alimwambia kwamba Mungu alimpa pia kalamu ya kujazia fomu.

Kuna jambo la afya hapa ambalo hatuwezi kulipita. Wataalamu waliopima mwaka 1997 waligundua kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi kama mtu mwenye pombe ya kiasi cha asilimia 0.05 katika damu. Mtu aliyeamka asubuhi, akashinda na shughuli za nyumbani, akaingia zamu ya usiku, akatoka na kushika usukani, amepita saa hizo mbali. Hakuna bima inayotibu usingizi. Dereva akianza kupiga miayo, kusahau alipopita, kuingia upande wa kulia kidogo kidogo, dawa yake ni kusimama na kulala, hata dakika 20. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakumwamshi mtu, kunamdanganya tu.

Mwenzetu aliacha kwa miezi miwili. Kisha alirudi barabarani, lakini siku za mapumziko tu, na safari hii akiwa na leseni ya kufaa na bima ya abiria. Anasema ada ilimuuma. Tulimwambia hata sindano inauma.

Na dereva mwenyewe?

Hili ndilo linalowaumiza vijana wengi kuliko yote, na tumelirudia kitandani kwa kitanda mpaka sauti zimekauka. Bima ndogo haimlipi anayeendesha. Haimlipii hogo, wala upasuaji, wala siku alizokaa bila kazi. Haitengenezi pikipiki yake. Ni ya watu wengine, kama jina lake linavyosema. Yule mtoto wa dada ya mwalimu, aliyevunjika mfupa wa bega, hata kama neno lililoandikwa lingekuwa "abiria", asingepata chochote kwa ajili yake mwenyewe.

Bima kubwa hutengeneza chombo, lakini mwenye chombo asidhani kwamba basi mwili wake nao umeingia. Aulize. Yapo makampuni yanayouza bima ya ajali binafsi, ambayo hulipa mtu akipata ulemavu, na hulipa familia yake akifa. Nyingine husaidia matibabu. Yaweza kukatwa peke yake au kuongezwa juu ya bima ya pikipiki. Vikundi vya vijana wa kijiweni ambao tayari wana daftari la kuchangiana wakati wa msiba wangeweza kukata kwa pamoja, na tunashangaa kwamba ni wachache wanaofikiri hivyo. Tunachanga haraka sana jeneza likishanunuliwa.

Bima ya afya ni jambo jingine tena. Hiyo humtibu mwenye kadi, awe ameangukiwa na tofali au ameugua malaria. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kwa watumishi wa Serikali mwaka 2001, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kadi ya afya haimlipi abiria uliyemwangusha. Stika ya pikipiki nayo haitibu malaria yako. Mwendesha pikipiki anahitaji vyote viwili, na kofia ngumu kichwani kabla ya vyote. Tafiti zilizokusanywa pamoja na kuchapishwa mwaka 2008 zilionyesha kwamba kofia inapunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa kadiri ya asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kofia ya abiria iliyotundikwa kwenye usukani haimkingi mtu.

Hesabu, mkataba na deiwaka

Pikipiki nyingi za abiria si mali ya anayeziendesha. Kuna mwenye pikipiki, kuna kijana anayemletea hesabu kila siku au aliyechukua kwa mkataba mpaka iwe yake, na kuna deiwaka, yaani yule anayeshikishwa kwa saa chache mwenzake anapokwenda kula au kulala. Katika mnyororo huu kila mtu hudhani mwenzake ndiye anayeshughulika na bima.

Wenye pikipiki, tunawaomba mlifikirie. Sehemu kubwa ya ajali zinazofika kwetu usiku huwa mikononi mwa deiwaka. Hana leseni, hana mkataba, wala jina lake halijulikani. Akianguka anakimbia, kama miguu yake ni mizima. Abiria aliyeumia ana haki ya kukudai wewe mwenye pikipiki mbele ya mahakama, hata kama ulikuwa nyumbani umelala. Mwandikiane na kijana wako: nani analipa bima, bima ya aina gani, na nani peke yake anaruhusiwa kuendesha. Na mishkaki ikome. Pikipiki ina kiti cha abiria mmoja. Mama, mtoto mgongoni, mtoto mbele na gunia la mahindi si abiria mmoja.

Ajali ikitokea

Roho kwanza, karatasi baadaye. Zuieni magari yanayokuja ili yasiongeze ajali. Damu inayotoka ibanwe kwa kitambaa safi, kwa mkono, bila kuachia. Msimvue kofia majeruhi aliyezimia isipokuwa kama hapumui vizuri na hakuna njia nyingine. Msimkunje, msimkalishe, msimnyweshe maji. Mguu uliovunjika ufungwe kwenye ubao au ufungwe pamoja na mguu mzima kabla ya kumwinua. Mkiweza, msimpakie katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine. Tumepokea watu walioanguka wakiwa na miguu inayocheza wakafika kwetu hawahisi miguu, kwa sababu uti wa mgongo ulimaliziwa njiani na wasamaria wema. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Kisha, wakati majeruhi yuko njiani, mtu mmoja mwenye akili tulivu abaki. Aandike namba ya kila chombo kilichohusika, majina ya madereva, na namba za simu za mashahidi wawili. Apige picha. Atoe taarifa polisi na kuchukua fomu ya PF3. Hapa hospitalini hatumwachi mtu anayetoka damu eti hana PF3. Tunamhudumia, na fomu inaletwa. Lakini iletwe, maana daktari akiijaza inakuwa ushahidi, na dai lisilo na ushahidi halina miguu. Tunzeni kila risiti, hata ya bandeji na ya nauli ya kurudi kliniki. Mwombeni daktari taarifa ya maandishi, na kama umebaki ulemavu, autaje. Mwenye chombo aiarifu kampuni yake mapema. Asisubiri mgonjwa apone.

Na jambo moja ambalo tumeliona mara nyingi sana: siku ya pili au ya tatu huja watu wenye maneno matamu, wanaweka fedha kidogo kitandani, wanatoa karatasi ya kusameheana, na mgonjwa mwenye maumivu anatia dole gumba. Kusamehe ni amri ya Bwana wetu. Lakini yule Msamaria wa Injili hakumwambia mtu aliyejeruhiwa amsamehe mtu yeyote kwa maandishi. Alimpeleka penye nyumba ya wageni, akaacha dinari mbili, na akaahidi kulipa zitakazozidi. Samehe moyoni, na kabla ya kutia sahihi subiri kichwa kipoe na mtu anayejua kusoma akusomee. Madai ya majeraha ya namna hii yana muda wa miaka 3 kufikishwa mahakamani, hivyo hakuna haja ya kukimbizwa. Lakini pia usilale nayo.

Vishoka

Stika bandia zipo, na bima halali iliyoandikwa vibaya ipo pia. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo ambao mtu mwenye simu ya intaneti anaweza kuandika namba ya usajili wa chombo na kuona kama kina bima. Jifunzeni kuutumia, au mwombeni kijana wa sekondari aliye jirani awafanyie. Usitazame tarehe peke yake. Ipate hati ya bima yenyewe na usome palipoandikwa matumizi.

Kampuni ikikataa kulipa, au ikizungusha watu miezi bila jibu, hati iwe sawa au isiwe sawa, mwombeni jibu lake kwa maandishi na sababu zake. Lalamikeni kwa TIRA. Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, kwa ajili ya watu wa kawaida wasio na uwezo wa kesi ndefu. Ofisi za haki na amani za majimbo zimekwisha kuwasaidia watu kuandika barua za namna hii, na paroko hukataa mara chache kumsomea mtu karatasi.

Swali la msomaji

Katekista mmoja ametuandikia. Parokia imempa pikipiki ya kuzungukia vigango. Usiku watu humgongea awapeleke wagonjwa na wajawazito kituo cha afya, naye huwapeleka. Wengine humpa fedha ya mafuta. Anauliza kama na yeye amekwisha kuwa bodaboda.

Ndugu katekista, kwanza tunakushukuru, kwa sababu akina mama kadhaa waliojifungua salama mikononi mwetu ni wewe uliyewaleta. Kumbeba mgonjwa bure ni tendo la jirani, na si nauli. Fedha ya mafuta ndiyo inayotia ukungu. Mtu mmoja akikupa sahani ya mayai kwa shukrani, hatuoni kampuni itasema nini. Lakini ikiwa kijiji kizima kinajua kwamba kwenda kituo cha afya kwa pikipiki ya katekista ni shilingi kadhaa, hiyo ni bei, hata kama unaiita sadaka. Mwombe paroko aiandikie kampuni barua, aeleze kazi ya pikipiki kama ilivyo, pamoja na safari za usiku na fedha ya mafuta, na kuuliza kama bima iliyopo inamhesabu mgonjwa aliyepakiwa. Wakisema haimhesabu, parokia iongeze ada ili imhesabu. Jibu lao litunzwe ofisini, na nakala ikae na wewe.

Tena ununue kofia ya pili, ndogo kuliko yako. Wajawazito wengi unaowabeba ni wasichana, na kofia yako inawapwaya.